Shilingi Kumi za Sekunde ya Mwisho

Jirani yangu hapa Kitengela hana haraka. Sisi tukipandishiana bei tangu asubuhi kwenye mnada wa kanisa wa WhatsApp, yeye amekunja miguu anapuliza chai. Simu yake ina programu inayoongeza shilingi kumi sekunde moja kabla mnada ufungwe. Mama Whitney akilalamika kwamba huo ni wizi, anamjibu kwa sauti ya upole, "Kwani nimevunja sheria gani, mama?" Jumapili alimnyang'anya Mama Whitney jogoo vivyo hivyo, bila hata kufungua picha. Shemasi alimleta huyo jogoo, akamfungua kamba. Jogoo hakungoja kuonyeshwa njia. Alizunguka nyumba, akaingia bandani. Mke wa jirani akachungulia dirishani. "Huyo si ni yule wetu nilipeana sadaka kanisani juzi?"