Mahali Mbuzi Hawaamki

Watu wa soko la Warwick walimjua kaka yangu Ladislas kwa mkokoteni wake na kwa kutopenda haraka. "Mzigo haukimbii," aliwaambia wachuuzi, nao wakamcheka. Hawakujua kwamba kule Goma, kabla ya vita kutuleta Durban, alibeba mizigo ya watafiti wa volkano: mahema, maji, na mashine ya kupima hewa aliyoifunga mgongoni kama mtoto.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akaja kukaa kwangu, mtaa wa Glenwood. Chumba cha jirani alipanga Carmel, binti wa Kikongo aliyekulia hapa, anayesomea volkano chuoni. Alikuwa anajiandaa kwenda Goma kuchora ramani ya mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini, isiyoonekana wala kunuka, inayojaa mabondeni na kuua anayeivuta. Kwanza alitaka kuyajaribu maswali yake kwetu sisi watu wa Goma.

"Mama Jeancy, kwenu kulikuwa na mazuku?"

"Hapana, kwa jina la Yesu!"

Akaandika hapana. Wenzangu kumi na mmoja wa kanisani nao walijibu hivyo hivyo, akaanza kuupaka mtaa wetu wa Goma rangi ya kijani kwenye ramani, ya usalama. Nilifurahi. Kanisa letu la kule lilikuwa linangoja ramani hiyo tu, lijenge darasa la watoto wadogo kwenye kibonde cha nyuma.

Ladislas alicheka hadi kikohozi kikamshika.

"Eish, Carmel! Unawauliza watu wa maombi kama wanafuga shetani?"

"Lakini Papa, nimeuliza habari ya hewa."

"Wewe umeuliza hewa, dada yangu amesikia pepo. Mama yetu alituchapa kwa kulitamka neno hilo."

Ni kweli. Mama alisema mazuku ni upepo wa shetani, na nyumba inayoomba haina mazuku. Sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimekiri imani.

"Sasa niulize vipi?"

"Uliza ni wapi mbuzi wanalala wasiamke. Uliza ni wapi mtoto anakatazwa kuketi asubuhi."

Carmel akanigeukia na kalamu yake. Nikawakumbuka mbuzi wawili wa mama, midomo wazi, bila jeraha lolote.

"Nyuma ya kanisa," nikasema.

Carmel alisafiri mwezi wa nne. Siku tatu baadaye Bwana akamchukua Ladislas. Tulikuwa bado tumekaa matanga, wanawake kwenye magodoro sakafuni, simu ikalia. Carmel alikuwa amesimama kwenye kile kibonde.

"Mama Jeancy, kiunoni kwangu hewa ni nzuri. Nikiishusha mashine hadi magotini inapiga kelele. Mtoto angeanguka pale. Mchungaji amekubali, darasa litajengwa juu, kando ya barabara. Mwambie Papa."

Nilimweleza kwamba Papa ametutoka. Tulilia pamoja, yeye huko, mimi hapa.

Jioni, kwenye sala, nilimshukuru Mungu kwa maisha ya kaka yangu, na kwa mara ya kwanza nikatamka mazuku mbele ya waumini. Mama Marie-Jeanne, mzee wetu wa kwaya, naye mtu wa Goma, akaruka.

"Ishindwe kwa jina la Yesu!"

"Amina, mama. Lakini mbuzi wenu walikuwa wanalala wapi wasiamke?"

Akaketi tena kwenye godoro.

"Kando ya kisima cha Barthélemy," akasema, nami nikatafuta kalamu.