Maziwa Lala ya Celestine Makhanu

Kwa miaka kumi na mmoja Celestine Makhanu aliwapikia watoto wa shule moja ndogo ya chekechea mtaani Rhonda. Wazazi walimjua kama Mama Khisa tu. Baba yake, fundi wa reli, alitoka Bungoma akazeekea Nakuru; Celestine mwenyewe aliachia masomo darasa la saba.

Kila asubuhi alichemsha maziwa, akayaacha yapoe, akatia kikombe cha yale ya jana na kufunika ndoo. Watoto waliyanywa kesho yake yakiwa mazito, machachu. Nilipokuja kujitolea pale na diploma yangu ya lishe, nilifunua ndoo nikashtuka.

"Mama Khisa, haya si yameharibika?"

"Yamelala tu," alisema akicheka. "Kwani huko chuo hamkunywa maziwa lala? Mlikuwa mnakunywa vitabu?"

Sikucheka. Niliona dharau kwa watoto wa maskini. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikapaza sauti: "Watoto wa matajiri wanakunywa maziwa freshi! Wetu kwa nini wapewe yaliyochacha?" Makofi yakalipuka. Mwenyekiti, Mzee Thuo, hakumpa Celestine hata dakika moja ya kujieleza. Celestine alirudisha ufunguo wa jiko jioni hiyo.

Tukaanza kuwapa watoto maziwa freshi. Siku ya tatu, Awuor wa miaka sita alijikunja sakafuni, tumbo limejaa gesi. Kufikia Ijumaa nusu ya darasa walikuwa wakihara.

Nilijua sababu. Hilo ndilo linaloniuma. Ugali huanza kuvunjwa mdomoni na mate; nyama husubiri asidi ya tumbo; sukari ya maziwa huvunjwa kwenye utumbo mwembamba na kimeng'enya chake maalumu, ambacho kwa wengi wetu hupungua tukishaacha kunyonya. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, gesi ikajaa, maji yakavutwa. Celestine aliwaacha bakteria waile sehemu ya sukari hiyo ndani ya ndoo, kabla haijamfikia mtoto. Nilishawahi kujibu swali hilo kwenye mtihani, nikapita.

Nilimpata Rongai, akichambua mahindi kwenye ghala la mfanyabiashara. Nikaomba msamaha.

"Mwaka wangu wa kwanza niliwapa freshi, wakahara," alisema bila kuacha kuchambua. "Ndio nikaanza kuyalaza. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Ulinisema mbele ya watu, kijana. Enda unitetee mbele ya watu."

Nilifanya hivyo, mkutano uliofuata. Nilisema kosa lilikuwa langu, na kwamba Celestine Makhanu arudishiwe jiko lake. Walinipigia makofi tena! Mzee Thuo alisifu ukweli wangu, kisha akaniomba nimwandikie mpishi mpya namna ya kulaza maziwa.

"Na Mama Khisa?" nikauliza.

"Ah, huyo si ashapata kazi Rongai? Nafasi ilijazwa, mwalimu. Wewe andika tu."

Niliandika, kwa sababu watoto walikuwa bado wanaumwa. Juu kabisa ya karatasi niliweka jina la mwenye ujuzi huo, Celestine Makhanu, nikaibandika ukutani jikoni. Mpishi mpya aliisoma polepole, akaniuliza huyo ni daktari wa wapi.