Shavu la Mguu wa Mama

Mama alikatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya kugongwa na bodaboda kwenye barabara ya Kasesya. Hospitali walimtengenezea mguu wa bandia: kikombe cha plastiki kinachoshika kigutu, chini yake bomba la chuma, mwisho unyayo wa mpira. Alijifunza kuutembelea haraka kuliko tulivyotegemea. Shambani alirudi, sokoni alirudi. Kanisani hakurudi.

Nilidhani ni uchovu. Siku moja, tukipepeta ulezi uani, nikamuuliza. Akaniambia kwamba upepo wa kwetu huku juu ukivuma, kitenge kinajizungusha kwenye lile bomba, na watu wote wanaangalia hapo.

"Sitaki kuonewa huruma mbele ya altare," alisema. "Nataka shavu la mguu."

Wakati huo nilikuwa nachora ramani za nyumba kwa kompyuta, kwenye chumba nilichopanga karibu na soko la Sumbawanga. Nyumba ni mistari iliyonyooka na kona. Mguu wa mtu hauna hata mstari mmoja ulionyooka. Lakini programu niliyokuwa nayo iliweza kuchora maumbo ya mviringo, nikamwambia mama nitamtengenezea gamba la plastiki, vipande viwili vya kufumbata bomba na kufungwa kwa mikanda.

Nilimpima mguu wa kushoto, ule mzima, kwa futi ya fundi cherehani, kuanzia kifundoni hadi chini ya goti, nikamwomba asitikisike. Kila kipimo nikakigeuza kuwa mduara kwenye kompyuta, kisha nikaiambia programu ivalishe ngozi juu ya miduara yote. Nikalipindua umbo, mguu wa kushoto ukawa wa kulia. Kwa mbali lilikuwa mguu. Nikalituma kwa rafiki niliyesoma naye chuo, anayefanya kazi Mbeya kwenye karakana yenye printa ya kuchapa vitu vya plastiki. Gamba likaja na basi.

Mama alilipapasa kwanza kwa macho, halafu kwa kiganja. Lilikuwa na matuta, pete juu ya pete. Akanikabidhi tena, akarudi jikoni.

Niliumia, lakini sikukubali liishie hapo. Nikaanza kurekebisha. Penye bonde niliongeza vidoti vya kuvuta ngozi juu, penye tuta nikaongeza vingine vya kuishusha, na kila nilipotibu mahali pamoja, pakaharibika pengine. Programu ile ina namna ya kupitisha michirizi myeusi na myeupe juu ya umbo: palipo laini michirizi inateleza, penye kasoro inavunjika. Yangu ilivunjika kila mahali. Umeme ukikatika nilikaa nikisubiri urudi, nikiwaza mguu.

Mwishowe nilielewa kwamba vidoti vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vinagombana. Nikafuta kazi yote. Nikaanza upya na mistari michache mirefu: mmoja wa mbele kwenye muundi, mmoja nyuma, mmoja kila upande, na miduara michache tu ya kuishikilia. Kila mstari niliupa vidoti vichache kadiri nilivyoweza. Nikavalisha ngozi tena. Michirizi ikapita kutoka goti hadi kifundo kama maji.

Kabla sijatuma, mama alikuja mjini kutazama. Nikalizungusha umbo kwenye skrini. Akasema kwa Kifipa, lugha anayoitumia akiwa hana mzaha, kwamba huo ni mguu wa msichana, nimeunenepesha. Ni kweli, nilikuwa nimemwongezea kidogo.

"Weka wangu, mwanangu," alisema. "Huu wa sasa."

Nikaupunguza palepale, yeye akiangalia, hadi aliponiambia niache.

Jumapili baada ya gamba la pili kufika, alivaa soksi ndefu juu ya miguu yote miwili, akaenda misa. Wakati wa matoleo alipita katikati ya kanisa na bakuli la ulezi, polepole, upepo ukiingia mlangoni. Nilikuwa nimekaa mabenchi kadhaa nyuma yake. Nikajaribu kutoangalia mguu, nikashindwa.

Nyumbani alivua gamba, akaliosha kwa sabuni ya kufulia, akaliegemeza ukutani juani. Kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea na la shambani, gumu kuliko hili, la kuvumilia matope.