Nilivyojaribu Kumstaafisha Nahodha

Mimi ni mwongo. Nalisema mapema ili tusije tukalaumiana mbele. Nina duka la muvi hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Mteja analeta flashi, namjazia filamu, na akitaka zile zilizosimuliwa kwa Kiswahili, nampa zenye sauti yangu mwenyewe juu ya sauti za wazungu. Mzungu akisema maneno mawili, mimi nasema ishirini. Mzungu akinyamaza, hapo ndipo mimi naanza. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha flashi akidai nimeongeza chumvi.

Lakini ule uongo niliomfanyia baba yangu unaniwasha mpaka leo.

Baba ana pikapu iliyonizidi umri. Boneti imefungwa kwa mpira wa tyubu, mlango wa abiria unafunguliwa kutoka nje tu, na sakafuni pana tundu ambamo unaiona lami ikipita. Aliiegesha miaka yote karibu na Soko la Burma, kazi yake kubwa ikiwa kuhamisha watu. Mwisho wa mwezi hapa Pipeline ni vituko. Vitanda vinashushwa kwa kamba kutoka ghorofa ya tano, sofa inakwama kwenye ngazi, na jengo zima linatoka kutoa ushauri. Baba alikuwa akisimama chini na kofia yake, akipiga kelele, "Geuza mguu! Mguu wa kiti, si wako!" Alikuwa na furaha, jamani. Sijui mtu mwingine anayependa kubeba vitu vya watu kama yule mzee.

Halafu macho yakaanza kumsumbua. Daktari akamwambia ni presha ya macho, kwamba sehemu iliyokwisha kupotea hairudi, na kwamba asishike usukani tena. Baba akamshukuru sana, akavaa kofia, akaendesha pikapu mpaka nyumbani.

Tulipomfokea, alijibu bila wasiwasi. "Hii barabara naijua kwa makalio. Nikipita shimo, najua niko wapi."

Ya makalio tuliyaona mwezi uliofuata. Alihamisha mali ya watu wawili waliooana juzi tu, na kwa vile majengo ya huku yanafanana na yeye hakuweza kusoma maandishi ya mlangoni, aliwapandisha wabebaji mpaka ghorofa ya sita ya jengo lisilo lenyewe. Mlango haukuwa na kufuli, wakaingiza. Mpangaji wa humo aliporudi kutoka kazini alikuta sofa mpya, meza na picha ya harusi ya watu asiowajua. Alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa ile sofa kabla hajaiona ile picha. Tulicheka wiki nzima, na Baba alicheka kutushinda. Kaka yangu, ambaye ni karani na hacheki ovyo, ndiye alinivuta kando.

"Wewe ndiye kipenzi chake," aliniambia. "Ongea naye aache hiyo gari kabla hajaua mtu."

Nilienda kuongea naye. Mara ya kwanza niliishia kula. Mara ya pili niliishia kumshikia tochi akifunga upya ule mpira wa boneti. Mdomo wangu wote huu, unaomfanya mzungu aongee Kiswahili cha mtaani Majengo, ulikataa kumwambia baba yangu sentensi moja.

Basi siku moja mwalimu mmoja mstaafu akaja dukani kutafuta vichekesho vya zamani vya Waingereza, vile visivyo na rangi. Nikimtafutia, nikakutana na filamu ya kimeli kidogo cha mizigo. Kimeli kimezeeka, kinatoa moshi kama jiko la makaa mabichi, na nahodha wake ni mzee mjanja mwenye kofia, hasikii la mtu. Kuna tajiri aliyepakia mali yake humo kwa bahati mbaya, na filamu nzima anahangaika kuitoa, huku mzee akitia nanga kila penye watu wa kupiga nao gumzo. Nilicheka mpaka kinyozi akaja kuuliza kama niko sawa. Huyo alikuwa Baba! Kofia ni yake, ukaidi ni wake, hata ile namna ya kujifanya hasikii ni yake.

Hapo shetani akaninong'oneza. Baba Kiingereza chake ni kidogo, na kile cha wale wazungu hata mimi nilikuwa nakikisia. Picha haioni sawasawa, anaona vivuli tu. Atasikia ninachosema mimi. Kwa nini nahodha wangu asistaafu?

Jumapili baada ya kanisa nilienda kwake Makadara na kompyuta yangu, nikaiunganisha na TV. Alikuwepo rafiki yake, mzee wa kutoka pande za Kakamega anayeuza nyama Burma, ambaye kila Jumapili huja na kilo mbili kwenye gazeti na kuzichoma mwenyewe mlangoni. Baba alivuta kiti mpaka karibu agonge kioo cha TV na goti.

"Haya, binti yetu," yule mzee alianza. "Stering ni nani?"

Huku kwetu filamu haianzi kabla stering hajajulikana. Stering ndiye mwenyewe, yule asiyekufa na asiyeshindwa, na watazamaji wote wanakuwa upande wake. Mimi nilikuwa nimejipanga.

"Stering ni yule tajiri mwenye suti."

Baba aligeuza shingo. "Tajiri ana meli?"

"Hana. Ana mali ndani ya meli."

"Sasa huyo si stering, Mama. Huyo ni mteja." Ananiita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Stering ni mwenye chombo."

"Kabisa," yule mzee akaunga mkono. "Tangu lini mteja akawa stering?"

Nilishindwa dakika ya kwanza kabla mtu hajaongea kwenye filamu. Lakini nikaendelea. Nilimfanya nahodha akohoe, nikamfanya alalamike mgongo. Baba alikuwa akicheka mpaka anapiga paja. Kimeli kilipokwama kwenye mchanga alipiga kelele, "Apunguze upepo wa magurudumu!" na mwenzake akamkumbusha kwamba meli haina magurudumu, na wote wawili wakacheka tena. Nilijisikia vibaya, nikajisikia vizuri, sijui.

Mwisho wa kweli wa ile filamu ni kwamba mzee anabaki na kimeli chake na kuondoka nacho bandarini. Mimi nilishusha sauti, nikaweka huzuni.

"Nahodha anawaambia mabaharia, wanangu, mimi nimechoka. Nimebeba vya kutosha. Chombo hiki nakiuza leo, niende nikapumzike na wajukuu."

Yule mzee wa nyama alisogea mbele. "Mbona anacheka?"

"Ni uchungu, mzee wangu. Wazungu wakiwa na uchungu hucheka."

"Na mbona meli inaondoka na yeye yuko juu?"

"Anaipeleka kwa mnunuzi."

"Mnunuzi yuko baharini?"

"Mzee, nyama yako inaungua," nilimwambia, na kweli ilikuwa inaungua. Akatoka mbio.

Tukabaki wawili. Baba aliweka mikono juu ya magoti, akiangalia kile kioo kana kwamba bado kuna kitu. Nilijua ujumbe umefika. Kwa ubaya wangu, nilifurahi kidogo.

"Mama," aliniita. "Aliuza?"

Mdomo ukafunguka kujibu ndiyo. Nikamwona uso wake, namna alivyokuwa ameuelekeza kwangu lakini umekosea kidogo, unaangalia bega langu. Hasira zikanipanda, hasira za kujichukia. Huyu mtu hana njia nyingine ya kuiona ile meli isipokuwa mdomo wangu, na mimi nimemdanganya.

"Hakuuza, Baba. Nimekudanganya. Amebaki nayo."

Alicheka! Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mzee wa nyama akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. "Nilijua," Baba alisema akijipangusa macho. "Mtu aliyeuza gari lake hacheki vile."

"Nisamehe. Kaka na mimi tulikuwa tunaogopa. Hatukujua tutakuambiaje."

"Mngeniambia tu."

Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa ufunguo wa pikapu, akanitafuta mkono, akauweka humo na kuvifunga vidole vyangu.

"Alhamisi nilirudisha gari nyuma pale Burma," alisema. Alikuwa hacheki tena. "Nikasikia mwanamke anapiga bodi ya gari kwa kofi na kulia. Nilikuwa nimekanyaga beseni lake la mboga. Mtoto alikuwa mgongoni mwake. Mama, nilishuka nikasimama mbele yake, nikamwomba msamaha, na bado sikumwona yule mtoto. Nilimsikia tu."

Niliubana ule ufunguo.

"Sijaiwasha tangu siku hiyo. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje anione uso kwa uso, nisionekane nimefukuzwa na mwanamke wa mboga." Akanipiga kofi dogo la mkono. "Yule nahodha asipouza, ni haki yake. Yule anaona. Mimi sioni."

Nililia, sitaficha. Aliniacha nilie, kisha akasogeza kiti tena, goti likagusa TV.

"Haya basi, irudishe nyuma. Nataka kusikia vile alivyoondoka."

Nikairudisha. Safari hii sikuongeza hata neno. Nikamwambia kamba zinafunguliwa. Nikamwambia moshi ni mwingi, watu wamejaa ukingoni wanapunga mikono, kimeli kinageuka polepole kuelekea majini.

"Na mzee?"

"Yuko humo."

"Wapi?"

"Kwenye usukani, Baba."

"Anaangalia nyuma?"

Nikaangalia vizuri ili nisikosee. "Hapana," nikamwambia. "Anaangalia mbele."