Mwekezaji wa Ghafla

Kinyozi wetu hunyoa kwa mkono mmoja. Wa pili una kazi ya heshima zaidi: kushika simu yenye bei za hisa. Hununua hisa kabla ya kukupaka povu na kuziuza kabla ya kulifuta, na bei ikimtia hasira, shavu ndilo linalolipa. "Kuwekeza ni kazi ya wastaafu," husema, akipuliza nywele kwenye kioo cha simu. "Wananunua, wanakaa, wanazeeka nazo. Mimi mchuuzi bwana! Asubuhi naingia, mchana nimetoka na changu."

Juzi mkewe alikuja kuchukua pesa za mabati, maana mawingu yalishatanda na paa lao linavuja. Hisa zilikuwa zimeporomoka. Kidole gumba cha kinyozi kikasugua kioo kama anayefuta doa, kisha sauti yake ikawa nzito, ya mtu mwenye mvi.

"Mama watoto, hizi siuzi. Nimeamua kuwekeza. Miaka kumi hivi."

"Umeamua lini?"

"Sasa hivi."

"Haya, toka nje uiambie mvua isubiri."

Wateja tukaangua kicheko. Simu ikatetemeka: bei imeshuka tena. Mwekezaji wa miaka kumi akaruka, akauza zote kwa bei ya kutupa, povu langu likiwa bado bichi shavuni. Mkewe akachungulia kilichobaki.

"Kinatosha mabati mawili," alisema. "Chagua mwenyewe, baba: tufunike watoto, au tumfunike mwekezaji."