Kikasha cha Ugoro na Mafuta ya Sangara

Mama mkwe wangu wa Butiama hakuja kwenye harusi yetu. Alisema mgongo unamuuma, lakini sote tulijua kilichomuuma: mwanawe alikuwa amewaacha mabinti wa wafugaji wenzao, akaoa mtu wa samaki kutoka Kigera, Musoma. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikaapa siendi kwake mpaka aniite. Kumbe moyoni nilitaka jambo moja tu, anipokee.

Alipotuma salamu kwamba twende, nikaona nisiende mikono mitupu. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchonga miiko, vitana na vikasha, na kung'arisha ilikuwa kazi yangu. Nikamwomba anichongee kikasha cha ugoro cha kuenea kiganjani, chenye kifuniko cha kubana, maana yule bibi kwa kunusa hakuwa na mpinzani. Nikakikwangua kwa kipande cha chupa, nikakisugua kwa majani makavu ya msasa, yale yanayoparuza kama ulimi wa ng'ombe, mpaka kikawa laini.

Ikabaki kukitia mng'ao. Tulizoea kumalizia kwa mshumaa ulioyeyushwa pamoja na dawa ya viatu, lakini miaka ile vyote viwili vilikuwa hadithi. Dukani ulikuta rafu tupu na mwenye duka. Sabuni tu tulipanga foleni, sembuse dawa ya viatu! Ila pale Mwigobero, soko letu la samaki Musoma, sangara walijaa, na mafuta yao tulikaangia, tukajipaka. Nikayapasha moto, nikakipaka kikasha nje na ndani, nikakisugua kwa kiganja siku tatu. Kikang'aa ungedhani kimelowa. Harufu? Sikuisikia. Aliyezaliwa Kigera ataisikiaje?

Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza juani, akatabasamu. Kizuri chajiuza, nikajiambia. Akamimina ugoro wake humo, akafunga, tukala. Baada ya chakula akafungua, akavuta. Akapiga chafya, akakohoa, machozi yakamtoka.

"Mkwe, umeniwekea samaki puani?"

Mume wangu akaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Bibi akakifunga kikasha, akaingia nacho ndani, akatoka bila kitu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nililia njia nzima kurudi Bunda, alikokuwa akifundisha mume wangu.

Tuliendelea kwenda kwake, Krismasi na misiba. Kikasha sikukiona tena, wala sikuthubutu kukiulizia. Nilijua kiliishia jikoni, chini ya chungu.

Baadaye biashara ikafunguliwa, maduka ya Bunda yakajaa, na vanishi ikawa ya kuchagua. Baba alikuwa bado anachonga. Nikamwomba kingine, nikakipaka vanishi mara tatu, nikakinusa kila upande kabla ya kukifunga kwenye karatasi. Safari hii hanipati, nikasema.

Mama mkwe akakitazama, akakiweka pembeni. Kisha akafungua fundo la khanga yake, akatoa kikasha kingine. Sikukitambua mara moja. Kilikuwa kimekolea wekundu wa kuelekea weusi, na kiling'aa mng'ao uliotoka ndani ya mti wenyewe. Vanishi yangu ilionekana kama maji ya mvua juu ya bati. Kifuniko ndicho kilichonijulisha: alama ya kisu cha baba.

"Nilikuwaga naisugua kwa mkono kila siku," akasema. "Nilisema, hii harufu ya kwao, nitaimaliza tu. Imenichukua miaka, mkwe."

Nikakifungua, nikanusa. Ugoro na moshi, basi.

"Imeisha, mama," nikamwambia.

"Imeisha kweli. Na siku hizi nikifungua, naitafuta."

Akanikunjia vidole juu ya kikasha kile.

"Ukienda kwenu Musoma, ipake tena yale mafuta."