Sululu wa Merle Tresize

Merle Tresize aliendesha greda la halmashauri kwa miaka ishirini na sita, na barabara yake hasa ilikuwa ile ya changarawe inayoandamana na mto Murray, Australia, upande wa kusini katika jimbo la Victoria. Mto wenyewe ni wa jimbo la ng'ambo, New South Wales, maji yote mpaka ukingo wa kusini. Kwa hiyo kila Oktoba, klabu za ndege za pande mbili zinaposhindana kuhesabu aina za ndege, bata wote walioko majini huhesabiwa kwa klabu ya ng'ambo. Kina Merle walikuwa wameshindwa miaka tisa mfululizo.

Mwaka juzi, ukumbini siku ya matokeo, Merle alisema amemwona sululu wa rangi kwenye shimo la kuchimbia kifusi kando ya barabara. Ndege huyo ni adimu. Wapo watu waliozeeka na darubini shingoni bila kumtia machoni. Merle hakuwa na picha wala shahidi.

"Sululu kaiona kweli," alisema Clive Haddow, fundi saa mstaafu wa ng'ambo. "Ile ya mpini, ya kuchimbia barabara."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, hata Beryl, wifi yake Merle na nahodha wa timu yao. Merle alicheka nao. Alipofika nyumbani alilala bila kula.

Hakubishana na mtu. Ila tangu siku hiyo, akihitaji kifusi, alikifuata shimo jingine kilomita kumi na moja mbele, na lile akaliacha lijae maji ya mvua na kuota manyasi.

Siku ya kuhesabu, kila mmoja huenda na shahidi wa upande wa pili. Mwaka huu kura ya Merle ilimwangukia Clive. Saa kumi na moja alfajiri walikuwa wamejibanza chini ya mkaratusi, juu ya shimo. Saa mbili walikuwa bado wapo.

"Bibie, wenzako wako kwenye aina ya sitini huko," Clive alinong'ona. "Sisi tuna kunguru mmoja."

"Kunywa chai, Clive."

"Chai imekwisha."

"Basi nyamaza. Hilo halihitaji kikombe."

Manyasi yakatikisika. Akatoka ndege mnene, mdomo mrefu, jicho limezungukwa na weupe kama amepakwa chokaa. Alitembea akinesanesa, akasimama, akageuka kutazama nyuma. Merle aliinua darubini. Akaishusha, akamtazama kwa macho yake tu.

"Merle," alisema Clive.

"Namwona."

"Ni yeye. Ni dume, kwao ndiye mlezi. Ana watoto. Watatu."

"Wanne. Mmoja yuko nyuma ya unyasi."

Clive alihesabu upya. Walikuwa wanne.

Jioni ukumbini, kabla matokeo hayajasomwa, Clive aliomba nafasi. Hakuwa mtu wa kuomba nafasi. Kwa kawaida alijichukulia tu.

"Mwaka juzi nilimcheka mtu humu ndani," alisema. "Leo amenikalisha chini kwa saa tatu nzima, akanionyesha. Sululu wa rangi, dume na vifaranga wanne, upande wa Victoria. Nimetia sahihi. Na yule wa mwaka juzi naye aandikwe."

Beryl ndiye aliyesimama kwanza, macho yamelowa, kisha meza yao, kisha watu wa ng'ambo, mpaka ukumbi wote ukawa wima unapiga makofi. Merle alibaki ameketi, soseji kwenye uma, uso umemwiva. Timu yake ilishindwa tena kwa aina tano, na hakuna aliyeuliza matokeo.

Jumatatu msimamizi wake alimwita kwenye redio ya greda. "Merle, chukua kifusi shimo la karibu. Unamaliza dizeli bure."

"Shimo hilo limefungwa mpaka vifaranga waruke."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Redio ilikwaruza kidogo. "Haya basi," alisema msimamizi. "Na mke wangu anauliza, asubuhi ni saa ngapi wanatoka?"